Kabla ya Kuchanga Karo ya Udaktari

Leo tuna jambo moja tu. Mtoto amepita KCSE, anasema anataka kuwa daktari, na kikundi kinapanga harambee. Tuanzie wapi?

Hapa kwetu kila anayetupima na kutuandikia dawa tunamwita daktari. Lakini kwenye zahanati na vituo vya afya, mara nyingi yule ni afisa wa kliniki au muuguzi. Ni kazi ya heshima, na bila wao vijiji vingi vingekosa matibabu. Ila njia ni mbili, na haziishii mahali pamoja.

Njia ya kwanza ni udaktari wa chuo kikuu, kama Maseno, Moi au Nairobi. Ni miaka sita darasani na wodini, halafu mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini. Nafasi ni chache, kwa hiyo wanaochukuliwa huwa na alama za juu sana. Akimaliza, anasajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno.

Njia ya pili ni diploma ya utabibu, kama ile ya KMTC, chuo kilichoanza mwaka 1927 na chenye tawi hapa Kisumu. Ni miaka mitatu, halafu mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi. Kuingia kunahitaji wastani wa C, na alama zinazotakiwa katika masomo kama baiolojia. Huyu anasajiliwa na Baraza la Maafisa wa Kliniki. Baadaye anaweza kusomea zaidi, kwa mfano magonjwa ya watoto au ya macho.

Huko Marekani pia kuna vyuo vya aina mbili: vile vya kawaida, na vya osteopathia vilivyoanza mwaka 1892, ambavyo hufundisha pia kutibu mifupa na misuli kwa mikono. Lakini kule wote wanatoka madaktari kamili. Kwetu sivyo.

Sasa kuna jambo linalowapoteza wengi. Siku hizi utabibu wa kliniki unasomewa mpaka digrii. Watu wakisikia digrii, wanadhani ni udaktari. La, mhitimu husajiliwa kama afisa wa kliniki. Mama mmoja tunayemjua aliuza ng'ombe wawili kwa kozi kama hiyo. Leo kijana wake anatibu watu vizuri, lakini nyumbani kuna uchungu, maana mama alingoja kitu kingine. Sisi wenyewe tulikuwa kwenye ile harambee, tukala, tukachanga, na hatukuuliza hata swali moja.

Basi kabla ya kuchanga, tuulize haya:

1. Akimaliza, ni baraza gani litaandika jina lake?
2. Je, baraza hilo linatambua chuo hicho na kozi hiyo? Ulizeni baraza lenyewe, si chuo.
3. Karo ya miaka yote ni ngapi, si ya muhula wa kwanza tu? Tutafika nayo mwisho?

Halafu tumuulize mtoto mwenyewe anataka kazi gani, tumsikilize. Aliyepata C na akaenda kuwa tabibu hajashindwa. Usiku mtoto akiwaka homa ya malaria, huenda ni yeye atakayekuwa karibu.