Kabla ya Kulipia Chumba Naivasha

Mashindano ya magari ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na enzi hizo yalipita hata Tanganyika. Siku hizi kitovu chake ni Naivasha, nchini Kenya. Mtazamaji atokaye kwetu Magu hupita Bunda na Tarime, akavuka mpaka Sirari.

Chumba ndicho kinachotia watu hasara. Naivasha si mji mkubwa, na wiki ya mashindano bei za malazi hupanda. Hapo tapeli hupata nafasi: picha nzuri, namba ya simu, na sharti la kutuma fedha zote leo. Tunawasihi msitume. Ipigieni hoteli yenyewe, toeni malipo ya awali tu, na mdai stakabadhi inayotaja kiasi mtakachorejeshewa tarehe ikibadilika. Nayo hubadilika: kuanzia 2021 hadi 2023 mbio zilifanyika Juni, mwaka 2024 zikahamia Machi, zikaangukia Pasaka, tena majira ya mvua. Chumba kikikosekana, laleni Nakuru au Nairobi, ijapokuwa mtaamka alfajiri.

Pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria iombeni Uhamiaji mapema. Shilingi zibadilisheni benki ama kwenye duka lenye leseni, mkapewe risiti.