Kamba ya Wanyoike

Msikilizaji, jirani akifikwa na shida tunayo maneno tayari mdomoni: pole, jikaze, Mungu yupo. Tunayasema kwa nia njema, kisha tunaaga na kwenda zetu. Leo nataka tuyapime maneno hayo kwa maisha ya Mkenya mmoja, Henry Wanyoike.

Mwaka 1995 Wanyoike alikuwa kijana wa Kikuyu, Kiambu, mwenye miguu mepesi na ndoto ya kuishi kwa riadha. Usiku mmoja akalala mzima. Asubuhi akaamka haoni, kiharusi kimempokonya karibu nuru yote ya macho yake. Ikafuata miaka ya kukata tamaa, na mwenyewe hajaificha. Nalikazia hili kwa sababu tukisimulia habari za mashujaa tunaliruka, tunakimbilia medali, na anayeteseka leo anabaki akidhani kwamba yeye peke yake ndiye dhaifu.

Hakuinuliwa na hotuba. Aliinuliwa na watu waliorudi kwake tena na tena: wahudumu wa macho pale Kikuyu, kisha walimu wa chuo cha ufundi cha wasioona, Machakos, ambako alijifunza kufuma kwa mashine. Mikono ilipata kazi kwanza, ndipo miguu ikakumbuka mbio. Na hata hizo mbio hakuzikimbia peke yake. Mwanariadha asiyeona hukimbia na kiongozi, wameshikilia kamba fupi baina yao, na kiongozi humwambia kona ilipo na mpinzani alipofikia.

Sasa sikiliza yaliyotokea Sydney mwaka 2000, katika Michezo ya Paralimpiki, mbio za mita 5,000. Hiyo ni mizunguko 12 na nusu ya uwanja. Wanyoike aliwaacha wenzake mbali sana. Lakini kiongozi wake alikuwa hajisikii vizuri, na mstari ulipokaribia nguvu zikamwishia. Angeanguka, ushindi ungeanguka naye, kwa kuwa Wanyoike asingeweza kumaliza bila yeye. Basi asiyeona akamvuta anayeona, akamhimiza, akamkokota hadi mwisho. Wakapata dhahabu.

Mengine yanajulikana: dhahabu mbili Athens mwaka 2004, za mita 5,000 na 10,000, kisha mwaka 2005 marathoni ya London na, wiki moja tu baadaye, ya Hamburg, kote akiweka rekodi ya dunia ya wasioona. Kamba wakati huo ilikuwa mkononi mwa Joseph Kibunja, rafiki yake wa tangu utotoni.

Wapo wanaotuhubiria kwamba furaha ni uamuzi wa mtu, kwamba ukiamua kuwa na moyo mkuu utakuwa nao. Mimi sikubali. Mama aliyepoteza kazi huku kodi ya nyumba imefika mlangoni hakosi uamuzi. Amekosa mtu wa kushika ncha ya pili ya kamba. Ukimwambia ajikaze kisha ukaondoka, umemwongezea mzigo, kwani sasa atayaficha hata machozi yake. Wala usingoje mambo yako yanyooke ndipo umsaidie mwenzako. Pale Sydney, aliyevuta ndiye tuliyezoea kudhani kwamba anahitaji kuvutwa.

Kwa hiyo, msikilizaji, mkumbuke yule uliyempa pole mwezi uliopita. Rudi kwake wiki hii. Usiende na mawaidha. Muulize kesho anakwenda wapi, hospitalini, sokoni au kwenye ofisi ya kuomba kazi, mfuatane. Na kama anayeteseka ni wewe unayenisikiliza sasa, usiumie kimya kimya. Mchague mtu mmoja unayemwamini, umpigie simu leo, umweleze ukweli wote.