Maneno Juu ya Mwenzetu

(Hotuba kwa wanachama, Kitale)



Niliomba nafasi niseme juu ya upelelezi kazini. Lakini zaidi nitasema juu yetu sisi tunaoutangaza upelelezi huo, maana hapo ndipo tulipoanguka.

Kuchunguzwa si jambo geni nchini mwetu. Babu zetu walivaa kipande shingoni, ndani ya kikebe cha chuma. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kushika baada ya vita kuu ya kwanza. Mwanamume Mwafrika alitiwa alama za vidole, yakaandikwa jina lake, bwana wake na mshahara wake. Mtu aliyetoka Bungoma kuja mashamba ya walowezi huku Trans Nzoia hakuweza kuandikwa shamba la pili kama bwana wa kwanza hakutia sahihi ya kumwachilia. Ubaya haukuwa kuchunguzwa tu. Mwingine aliandika habari zako, nawe huna nafasi ya kujibu. Na sheria ya mwaka 1947 iliposema watu wa rangi zote waandikishwe, walowezi wengi walikasirika kusikia kwamba vidole vyao pia vitatiwa wino! Kumbe uchungu wake waliujua.

Sasa nije kwetu. Mahali ninapofanya kazi, sitapataja, iliwekwa mashine ya kutia kidole langoni na kamera stoo. Hatukuelezwa neno, ingawa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yamtaka mwajiri amweleze mtu anachukua alama zake kwa kazi gani. Tungeuliza kwa barua. Badala yake tukanong'ona.

Kisha maneno tuliyosemezana Jumapili yakafika ofisini Jumatatu, neno kwa neno. Mtu mmoja akaandika katika kundi letu la WhatsApp kwamba mchongezi ni karani fulani wa stoo, kwa kuwa ameonekana akiingia ofisini. Karani wa stoo! Asiingie ofisini, apeleke wapi vitabu vyake? Lakini nami, niliyekuwa mweka hazina, niliusambaza ujumbe ule. Sikuuliza nani aliona, wala alisikia nini.

Ndugu yule alitengwa. Wakati wa chakula alikaa peke yake, na mkewe akatupiwa maneno sokoni. Baada ya wiki sita aliacha kazi, akarudi kwao. Mwezi uliofuata ndipo tulipotambua kwamba nyapara mmoja, aliyepandishwa cheo mwaka uliotangulia, alikuwa bado yumo katika kundi letu. Hakujificha. Jina lake lilikuwa pale pale, na hakuna aliyekumbuka kumwondoa.

Basi tofauti yetu na bwana wa kipande ni ipi? Nasi tulimwandika mwenzetu, tukamfungia mlango, asijibu.

Wengine huniambia Katiba imetupa uhuru wa kusema. Ni kweli. Tena Februari 2017 Mahakama Kuu ilikata kwamba kuchafua jina lisiwe kosa la kumtia mtu jela, nami nafurahia, maana wakubwa walikuwa wakiitumia sheria ile kuziba midomo. Hata hivyo, aliyechafuliwa bado aweza kudai fidia. Lakini mwajiri akisingiziwa ana wakili. Karani ana jina lake tu.

Wengine nao wasema afadhali tunyamaze kabisa. Sikubali. Kamera ipo, isemwe. Andika iko wapi, tangu siku gani, nani ameulizwa na amejibu nini, kisha tia jina lako chini. Hayo ofisi haiwezi kuyakana. Lakini ukitaka kumtaja mtu kuwa mchongezi, mwite kwanza mbele ya watu wawili, umwambie ulichoona wewe mwenyewe, umsikilize.

Nilikwenda kwao, upande wa Bungoma, kumwomba radhi. Alinisikiliza, akanipa chai. Kisha akaniuliza, "Ndugu, ulinitaja mbele ya watu mia mbili. Mbona kuomba radhi umekuja peke yako?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo sababu niliomba kusimama hapa leo. Juma lijalo nitasema maneno haya haya Bungoma, naye ameahidi kuwapo.