Mpe Kijana Kitabu Chake

(Haya ni mazungumzo ya mzee mmoja, mkulima wa chai, mbele ya vikundi vya kujisaidia. Tumeyafupisha kidogo.)



Nimeombwa niseme kwa nini vijana wetu hawaanzishi biashara. Wengi wetu jibu tunalo tayari: ni wavivu, wanataka pesa za haraka. Mimi pia nilisema hivyo, mpaka nikaona shida ilikuwa nyumbani kwangu.

Tuanze na majani. KTDA ilianzishwa mwaka 1964, na mkulima mdogo hujulikana huko kwa namba yake. Majani yakipimwa kituoni, kilo zinaandikwa kwenye namba hiyo. Kila mwezi kuna malipo, na hesabu za mwaka zikishafungwa mwezi wa Juni, tunangojea bonasi. Sawa. Lakini namba ni ya nani? Mara nyingi ni ya baba. Na anayetoka na kikapu asubuhi kwenye umande ni nani? Ni mama na watoto. Jasho ni la wengi, jina ni moja.

Kijana wangu wa kwanza alichuma miaka mitatu baada ya shule. Alitaka kuanzisha kitalu cha miche. Akaniomba shilingi 6,000 za mbegu, mbolea na pipa la maji. Nikamwambia, ngoja bonasi. Bonasi ikaja, nikanunua mabati. Mwaka wa pili ikaenda kwa harambee ya mtoto wa ndugu yangu. Kusaidia ndugu si kosa, lakini kijana hakuulizwa hata kidogo.

Basi akaenda kuomba mkopo kwenye ushirika wa akiba. Akaulizwa: akiba yako iko wapi? Wadhamini wako ni nani? Hakuwa na la kujibu. Miaka mitatu ya kazi, na hakuna hata karatasi moja yenye jina lake! Akaondoka kwenda Nakuru, na mpaka leo anafanya vibarua huko.

Zamani kijana kama huyo angeandikwa kuchuma kwenye mashamba ya makampuni. Siku hizi mashine zinachuma huko, na nyote mnakumbuka zilivyochomwa moto hapa Kericho Mei 2023. Kwa hiyo kijana itabidi aanzishe chake mwenyewe.

Wazee wetu Wakipsigis hawakuweka ng'ombe wote boma moja. Wengine waliwekwa kwa rafiki, naye akanywa maziwa. Mali ya kwanza ya mtu ilikuwa watu wanaomwamini. Hata leo, mtoto wa mwenye duka hatangulii kwa sababu ana akili kuliko wengine. Amemwona mama yake akihesabu faida, na muuzaji wa jumla anamjua kwa jina. Mtoto wa mchuma chai atashikwa mkono na nani? Atashikwa na kikundi.

Lakini undugu una upande wa pili. Kijana akifungua kibanda, mjomba anachukua sukari kwa deni, shangazi anachukua unga. Akidai anaitwa mchoyo. Kibanda kinafungwa, halafu sisi hao hao tunasema vijana hawajui biashara. Jamani, ukimpenda kijana wako, mlipe!

Kwa binti yangu nilibadilika. Nilimkabidhi mtamba mwenye mimba mbele ya mama yake na ndugu zake, nikasema maziwa ni yake. Akafungua kitabu cha akiba kwa jina lake. Alipoomba mkopo, akina mama wawili wa chama cha mama yake walimdhamini. Sasa ana ng'ombe watatu na anauza maziwa kwa hoteli mbili. Watu walinicheka, ati msichana ataolewa. Niliwajibu kwamba ujuzi wake ataenda nao. Hata Katiba ya 2010 inataka ubaguzi wa jinsia katika mila za ardhi ukomeshwe.

Serikali nayo imeleta mikopo: Hazina ya Vijana mwaka 2006, ya Uwezo 2013, ya Hustler 2022. Ni vizuri. Lakini mkopo unampa kijana pesa tu, haumpi mtu wa kumwonyesha soko.

Basi nawaomba mambo matatu. Kwanza, kila mzazi ampe kijana kitu chenye jina lake: mistari michache ya chai, ndama, au hata kuku. Pili, bonasi ikija, hesabu zifanywe mezani watoto wakiwapo. Tatu, kila kikundi kichukue vijana wawili, kiwafundishe kuweka akiba, kisha kiwadhamini.

Kijana wangu wa Nakuru nimempigia simu. Nimemwambia pipa la maji liko hapa linamngoja. Bado hajanijibu.



Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:
1. Nyumbani kwako, ni kitu gani kimeandikwa kwa jina la kijana?
2. Ni nani kati yetu ana deni kwenye duka la ndugu yake? Atalilipa lini?
3. Kikundi chetu kinaweza kuwadhamini vijana gani mwaka huu?