Mzazi Anapokuwa Mwalimu

(Mada iliyotolewa katika semina ya wazazi)

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Nimetakiwa nizungumzie kumsomesha mtoto nyumbani. Nitakusimulieni yaliyonifika mwenyewe.

Mwezi Machi 2020, skuli za Tanzania zilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya Korona, nasi tulifunga madrasa yetu. Binti yangu alikuwa na miaka mitano. Nilijiambia: mimi niliyesoma miaka mingi kwa Kiarabu, nisomeshaye watoto sitini, huyu mmoja atanishinda?

Wallahi, alinishinda. Kila baada ya Alasiri nilimkalisha mkekani saa nzima, juzuu mbele yake, bakora ubavuni pangu. Akisoma qaf kama kaf, humkaripia: hujui kuwa qalb ni moyo na kalb ni mbwa? Wiki ya tatu akawa kimya. Nikimwita, husema tumbo linamuuma.

Siku moja nilimsikia uani. Amemkalisha mwanasesere wake, kashika kijiti, anamwambia: "Mzito wewe! Soma!" Maneno yalikuwa yangu, na ukali ulikuwa wangu.

Usiku ule nilimkumbuka Anas bin Malik (R.A.), aliyemtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi tangu udogoni, naye akasimulia kuwa hakuambiwa hata "uff". Mimi wiki tatu zilinishinda.

Kwanza, nilimwomba radhi mwanangu na bakora nikaiondoa. Pili, saa nzima ikawa robo saa asubuhi na robo saa jioni. Tatu, herufi nilimwachia mama yake, akamfundisha kuziandika kwa kidole juu ya unga, na kuhesabu kwa madonge ya chapati. Nne, nilisoma mimi, nikikosea kwa makusudi, ili anisahihishe. Akaanza kucheka tena. Skuli zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni, alikuwa akiunganisha herufi, na qaf yake imekaa mahali pake.

Hata hivyo, mpaka leo nikipandisha sauti, hutazama mikono yangu kwanza.

Ndugu zangu, sisemi tuwatoe watoto skuli. Nasema ada tunayolipa haituondolei amana. Tukae nao, japo robo saa kwa siku, na tukae nao kwa upole, kwani mtoto hutusoma sisi kabla ya kusoma kitabu.

Allah atusamehe tuliyoyakosea kwa watoto wetu. Wabillahi tawfiq.