Mgeni wa Siku Moja Aondoke Ameshiba



Kutoka Dar es Salaam hadi hapa kwetu Bagamoyo ni takriban kilomita 70. Mgeni huondoka huko asubuhi, akazuru magofu ya Kaole na misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, na jioni akarejea kwake. Akija na chakula chake garini, hutuachia vumbi tu.

Neema tuliyojaliwa haisubiri. Samaki aliyevuliwa alfajiri utamu wake ni wa siku hiyo. Tembo la mnazi likigemwa asubuhi huwa tamu. Jioni limekwisha kuwa kali, na siku chache baadaye ni siki. Vitu hivi havimfuati mlaji mjini vikabaki na ladha yake. Mlaji ndiye avifuate. Hapo ndipo ilipo riziki ya mvuvi, mgema na mama lishe.

Lakini wahenga walituonya: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mgeni aliyeuziwa pweza wa jana, au tembo lililozimuliwa, harudi, na wenzake atawasimulia. Kwa hiyo bei zibandikwe zionekane, maji ya kunawa na sabuni yawepo, mabanda yafagiliwe, na auzaye pombe awe na leseni.

Na anayeendesha gari apewe dafu, si tembo. Twataka afike kwake salama, apate kurudi tena.