Potasiamu na Moyo wa Mgonjwa



Maradhi ya moyo si mageni katika Uganda. Mnamo mwaka 1948 tabibu J. N. P. Davies, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alieleza ugonjwa unaoukaza utando wa ndani wa moyo hata moyo usiweze kujaa damu barabara. Hali kadhalika homa ya baridi yabisi, ianziayo katika maumivu ya koo ya utotoni, imewaharibia vijana wengi vilango vya moyo. Wengine huumizwa na shinikizo la damu lililoachwa miaka mingi bila ya kutibiwa. Njia ni mbalimbali, lakini mwisho wake hufanana: moyo huchoka, miguu huvimba, na mgonjwa hukosa pumzi akilala chali.

Hapo ndipo hupewa dawa ya kutoa maji mwilini, mathalani furosemidi. Faida yake huonekana upesi, kwani uvimbe hupungua na usingizi hurejea. Lakini maji hayo hayatoki peke yake. Hutoka pamoja na madini yaitwayo potasiamu, na hasara hiyo haionekani kwa macho.

Katika potasiamu yote ya mwili, karibu sehemu 98 katika kila 100 hukaa ndani ya chembe za mwili. Sehemu ndogo iliyobaki ndiyo iliyo nje yake, na kiasi chake katika damu ndicho kipimwacho. Tofauti baina ya ndani na nje ndiyo iwezeshayo misuli kujikunja na moyo kupiga kwa mpango. Kipimo cha kawaida ni tangu milimoli 3.5 hata 5.0 kwa lita. Mwenye moyo mzima aweza kustahimili upungufu mdogo asiujue. Mwenye moyo mgonjwa hana nafasi hiyo, na kwa hiyo matabibu wengi hupenda kipimo chake kisishuke chini ya 4.0.

Dalili za upungufu ni unyonge wa misuli, miguu kukakamaa, kufunga choo, na moyo kwenda mbio au kuruka mapigo. Ila mara nyingi hakuna dalili yoyote mpaka mapigo yamekwisha kuvurugika, na mvurugiko huo waweza kuua ghafula. Hatari huzidi kwa atumiaye digoksini, maana potasiamu ikipungua, hata kiasi cha kawaida cha dawa hiyo chaweza kugeuka sumu. Huzidi pia kwa anayeharisha au kutapika huku akiendelea kumeza dawa ya maji. Huyo yampasa kupelekwa kwa tabibu siku hiyo hiyo, wala asingoje.

Basi upungufu hutibiwaje? Kwanza tabibu hutafuta sababu na kuangalia upya kipimo cha dawa. Upungufu ukiwa mdogo, chakula husaidia: ndizi, matoke, viazi, maharage, mboga za majani, maparachichi. Ukizidi, hutolewa vidonge vya potasiamu, vimezwavyo pamoja na chakula na maji ya kutosha, mgonjwa akiwa ameketi wima, kwani kidonge kikikwama kooni huchoma. Upungufu mkubwa hutibiwa hospitali kwa dripu iendayo polepole. Potasiamu ikisukumwa mshipani kwa haraka huusimamisha moyo. Pengine potasiamu hukataa kupanda mpaka magnesiamu nayo irekebishwe. Na wako wagonjwa ambao tabibu huwaongezea spironolaktoni, dawa iuzuiayo mwili usiipoteze potasiamu.

Ama hapa ndipo penye mtego. Wapo wanaosikia kwamba mgonjwa wa moyo apungukiwa na potasiamu, wakaanza kumlisha ndizi kwa wingi, au kumpa vidonge vya jamaa mwingine. Lakini figo ndizo zitoazo potasiamu iliyozidi, na moyo dhaifu mara nyingi hufuatana na figo dhaifu. Vilevile spironolaktoni na enalaprili huibakisha potasiamu mwilini, na baadhi ya chumvi ziuzwazo kuwa mbadala wa chumvi ya kawaida zimetengenezwa kwa potasiamu. Kwa mtu wa namna hii kipimo hupanda mno, na moyo waweza kusimama. Chakula kilichomfaa jirani humdhuru yeye, ingawa wote wawili wanaitwa wagonjwa wa moyo.

Kwa sababu hiyo potasiamu haikisiwi, hupimwa. Damu yapasa kupimwa mgonjwa anapoanzishiwa dawa ya maji, kila kipimo cha dawa kinapobadilishwa, na baada ya ugonjwa wa kuharisha. Mgonjwa aende kliniki na dawa zake zote, pamoja na za miti shamba, na arudi nyumbani akiijua tarakimu yake.

Jambo hili lagusa pia mwezi wa Ramadhani. Mwenye maradhi ya moyo anayetaka kufunga amwone tabibu wiki kadhaa kabla ya mwezi, apimwe damu, na kupangiwa saa za dawa. Asiruke dawa ya mchana, wala asimeze mbili kwa pamoja usiku. Tende zina potasiamu nyingi, na mwenye figo mbovu aulize ale ngapi wakati wa kufuturu. Akiambiwa asifunge, akumbuke kwamba ruhusa ya mgonjwa imo katika dini yenyewe, na kuitumia si upungufu wa imani.

Jamaa na majirani nao wana sehemu yao. Nauli ya kwenda kliniki, gharama ya kupima damu, na mtu wa kumsindikiza mzee asiyeweza kwenda peke yake, ni misaada midogo iwezayo kuokoa maisha kabla mapigo hayajavurugika.